Anti, paka walale ndani au nje? Mume anasema nje, wifi anasema wakatupwe

Anti shikamoo. Kamwene sana. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Uyole Mbeya ila kwetu ni Njombe, nimeolewa na Mnyakyusa. Naomba usinitaje jina maana mume wangu na wifi yangu wote wanasoma safu yako, watajua tu ni mimi lakini angalau nisitajwe.

Anti, nyumba yangu ina ugomvi na ugomvi wenyewe ni wa paka, usinicheke. Tuna paka wawili. Dume tumemuita Diwani kwa sababu anaonekana siku ya kula tu, halafu jike mweusi tii anaitwa Chausiku. Tuliwachukua sababu ya panya, si unajua huku mahindi tunavuna kuanzia mwezi wa sita tunajaza stoo tunasubiri bei ipande, sasa panya wakawa wanatoboa magunia wanamwaga mahindi chini, asubuhi ukiingia unakuta punje zimezagaa na mavi yao humo humo, unatamani kulia.

Sasa mume wangu anasema paka ni mnyama wa usiku na kazi yake iko nje. Akishafunga geti saa mbili usiku anawatoa wote wawili na kufunga mlango, hata kama inanyesha, hata hii baridi ya mwezi wa saba ambayo mi mwenyewe nalala na sweta na soksi. Na hataki wapewe chakula jioni, anasema paka aliyeshiba hawezi kukamata panya, njaa ndo inamfanya achape kazi. Mi nikiwasikia wanalia dirishani roho inaniuma, nikisikia ameanza kukoroma naamka taratibu nawafungulia mlango wa jikoni. Siku moja akaamka alfajiri akawakuta wamelala pembeni ya jiko, tulinuniana Anti, mpaka watoto wakatujua.

Halafu Diwani sasa hivi anarudi asubuhi sikio limechanika, mara shavu limevimba, juzi lilipasuka likatoka usaha unanuka mpaka nikashindwa kunywa chai. Wiki iliyopita jirani kawasha Noah yake alfajiri akasikia mlio, kuzima na kufungua boneti kumbe Diwani kalala humo kwenye injini. Alitoka mzima, sijui Mungu alimficha wapi. Huyo jirani ndo yule yule anayesema paka wangu wanakula vifaranga vyake, na kaapa ataweka sumu. Chausiku yeye watoto wa mtaani wakimuona jioni wanamrushia mawe, wanasema paka mweusi anayetembea usiku ni wa mtu. Na anazaa huyo, jamani anazaa! Watoto wake tumegawa mpaka marafiki wameisha, sasa hivi nikienda Mwanjelwa watu wanajifanya hawanioni.

Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu akasema enzi zao paka alikuwa analala jikoni kwenye majivu ya moto na panya walikuwa wanakamatwa vizuri tu. Nikafurahi nikajua nimepata wakili. Lakini wifi yangu ana mimba ya miezi minne na anakaa kwetu, yeye ndo kabisa, anasema paka akilala ndani mimba inatoka, na manyoya yanaingia kwenye mapafu ya mtoto. Anataka wakafungwe kwenye kiroba wakatupwe Mbalizi. Mume wangu kaanza kumkubalia.

Anti nisaidie, nani yuko sahihi? Wakilala nje ni kweli watakufa au mi ndo nadeka? Na wakilala ndani walale wapi?

Mama wa Uyole

Anti anajibu

Marahaba mwanangu, kamwene. Sikucheki. Barua za paka napata nyingi kuliko unavyodhani, nyingine zinatoka kwa wanaume wazima wa Mafinga na Makambako wanaojifanya wanauliza kwa niaba ya rafiki.

Nikupe jibu kwanza halafu tuongee: usiku walale ndani, mchana watoke. Kabla giza halijaingia, tuseme saa kumi na mbili jioni, wawe wameshaingia, wafunguliwe jua likishatoka vizuri. Ila ndani sio lazima iwe chumbani kwako wala sebuleni kwa wifi. Na ndani wanayotakiwa kulala mume wako anaifahamu vizuri sana, ni stoo.

Fikiria kidogo. Panya wako wapi? Stoo. Paka mnampeleka wapi? Barabarani. Hiyo ni sawa na kuajiri mlinzi halafu unamfungia nje ya geti, akikesha anakesha kwa majirani. Diwani akitolewa saa mbili haendi kusimama mlangoni mwa stoo yenu, anaenda kutafuta majike na kupigana na mapaka shume wengine, panya wa kwenu wanakula mahindi kwa amani kabisa. Mwambie hivyo baba watoto, na mwambie kwa upole, sio mbele ya wifi.

Kuhusu paka kuwa mnyama wa usiku, mume wako hajakosea sana. Paka anaona vizuri kwenye mwanga hafifu kuliko sisi na mchana anashinda kalala. Lakini muda ambao damu yake inachemka hasa ni machweo na alfajiri, sio usiku wa manane. Ndo maana nakwambia aingie kabla ya magharibi na asitoke kabla ya jua, hizo nyakati mbili za mpito ndo nyakati zake za kuwinda na ndo mnataka zimkute yuko na magunia.

Habari ya njaa hapo nakataa. Paka anawinda hata akiwa ameshiba, kile kitu kiko kwenye damu, kikitikisika anakirukia. Ukimnyima chakula unachopata ni paka anayezurura mbali zaidi, anayefungua masufuria ya watu na kudokoa vifaranga. Mpe chakula chake jioni na mpe ndani tu, kila siku saa ile ile, gonga sahani. Baada ya wiki chache utaona saa kumi na moja na nusu Diwani mwenyewe yuko mlangoni, kwa jinsi ulivyoeleza tabia yake hilo halitakuwa gumu. Na sio ugali mtupu jamani, ugali mtupu haumtoshi paka, anahitaji vya nyama, akikosa kwa muda mrefu hata macho yanaharibika. Dagaa wa Nyasa, vichwa vya samaki, utumbo uliochemshwa, changanya na ugali kidogo. Maziwa wengi wakishakuwa wakubwa yanawaharisha, hayo wapeni watoto.

Sasa uliuliza kama wakilala nje watakufa. Baridi peke yake kwa paka mkubwa mwenye afya na sehemu kavu ya kujibanza haimuui, hata hiyo ya Uyole ya mwezi wa sita na wa saba inayoshuka chini ya nyuzi 10. Kinachomtesa ni kulowa kisha upepo ukampiga, na kwa watoto wa paka au paka mzee hapo ni hatari kweli. Lakini baridi inaua kwa njia nyingine na wewe umeshaiona: inamsukuma kwenye injini. Gari lililorudi jioni linabaki na joto, paka anapanda kutokea chini analala juu ya mashine, asubuhi mtu anawasha gari, feni na mkanda vinazunguka. Mwambie jirani na yeyote mwenye gari mtaani apige boneti kofi mbili tatu kabla ya kuwasha, haimgharimu kitu.

Na barabara. Uyole hapo ni njia panda, malori ya Tunduma na yale yanayoshuka Tukuyu kwenda Kasumulu yanapita usiku kucha, paka akimulikwa na taa kali mara nyingi anasimama katikati badala ya kukimbia. Hiyo pekee ingenitosha kumfungia.

Hilo shavu lililotoka usaha ni kidonda cha kung'atwa. Jino la paka ni jembamba na refu, linaingia ndani na uchafu wake, juu panafunga haraka, chini panaoza. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apasafishe vizuri na ampe dawa. Tafadhali tena tafadhali usimpe Panadol, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka, mwili wake hauwezi kuichakata kabisa. Na usimuogeshe na dawa ya kupe ya ng'ombe ukidhani unamtoa viroboto, nayo inaua paka wengi, watu wanaona inafanya kazi kwa mbwa basi wanafikiri mnyama ni mnyama. Kwenye huko kung'atana ndo kuna ukimwi wa paka pia, huo hauambukizi binadamu msianze kuogopana, lakini paka akishaupata haponi.

Kikubwa kuliko vyote ni kichaa cha mbwa. Jina linadanganya, paka anakipata vile vile, anang'atwa usiku na mbwa mzururaji au paka mwenzake halafu anakileta nyumbani kwa wanao. Dalili zikishaanza, kwa mnyama au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ipo, kuanzia umri wa miezi mitatu, inarudiwa kila mwaka. Nenda ofisi ya mifugo ya kata uwaulize, hasa mwezi wa tisa maana tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na sehemu nyingi kampeni zinafanyika kipindi hicho. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na paka usiyemjua au anayefanya vituko, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo, msianze na mitishamba.

Haya, turudi stoo maana hapa ndo kuna kazi. Usichukue paka ukamtupia tu humo usiku wa leo. Diwani hajahasiwa, sivyo? Dume ambaye hajahasiwa ukimfungia atakojolea kuta na magunia ili kuweka alama, na ule mkojo mwanangu hautoki, utakula ugali unanuka paka mpaka msimu ujao. Kwa hiyo ahasiwe kwanza. Ni operesheni ndogo, na akishahasiwa kuzurura kunapungua, kupigana kunapungua, hata masikio yatapumzika. Mume wako akisita, wanaume wengi kwenye hili wanasita sijui kwa nini, mwambie ni paka anayefanyiwa sio yeye.

Chausiku naye afungwe kizazi. Jike anaanza kutafuta dume akiwa na miezi minne mpaka sita tu, mimba ni wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Kwenye nchi za baridi kali wanapumzika kipindi mchana unapokuwa mfupi, huku kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana basi anazaa mwaka mzima. Ndo maana marafiki wameisha.

Mahindi yawe kwenye magunia yaliyofungwa mdomo, yapandishwe juu ya chaga, yasigusane na ukuta ili paka aweze kupita nyuma, kule ndo panya wanapopenda. Kama mmemwaga mahindi chini lundo wazi, hapo hapana, msiweke paka, atalifanya choo. Kwenye kona weka beseni au boksi la mchanga, maranda ya mbao pia yanafaa na huku kwetu hayakosekani, mchukulie ya msonobari yaliyokauka. Weka na gunia kuukuu la kulalia juu ya kitu kilichoinuka, na maji. Hicho tu. Hahitaji blanketi.

Naomba jambo moja sana, usimpelekee jiko la mkaa eti apate joto. Kila mwaka kipindi cha baridi tunasikia watu waliolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hawakuamka, moshi ule usioonekana unaua mtu na unaua paka. Na ile ya kulala pembeni ya jiko jikoni hakikisha mkaa umezimwa au jiko limetolewa nje.

Siku za kwanza watalia mlangoni. Watalia sana. Usiamke kuwafungulia kwa siri kama ulivyozoea, kwa sababu ukifungua mara moja saa saba usiku umeshamfundisha kwamba kulia kunalipa, kesho atalia mpaka saa tisa.

Sumu ya panya na paka haviishi nyumba moja, chagueni kimoja. Panya aliyekula sumu anatembea taratibu, ndo huyo huyo paka anamkamata kirahisi, akila wengi sumu inamhamia. Nyingine zinazuia damu kuganda, dalili zinakuja baada ya siku kadhaa: fizi zinakuwa nyeupe, anahema, damu puani. Hiyo ikiwahiwa daktari ana dawa, ni vitamini K. Nyingine zinafanya kazi ndani ya saa chache, anatoka mate na kutetemeka. Maziwa na mafuta ya kula hayatibu, yanakupotezea muda tu, beba mnyama na pakiti ya sumu yenyewe kama ipo ukimbie.

Jirani wa vifaranga nenda ukaongee naye wewe na mume wako pamoja, mkiwa na habari kwamba kuanzia sasa paka wanafungwa usiku. Vikipotea usiku baada ya hapo ajue ana banda bovu, na atafute kanu au nguchiro, wapo wengi kuliko watu wanavyodhani, hata bundi anahusika. Vya mchana siwatetei paka wako, inawezekana kabisa ni wao, ingawa mwewe naye hana adabu. Jirani afunike vifaranga na tenga mpaka vikue, na kama mnaweza kuchangia hilo tenga changieni, ujirani unanunuliwa kwa vitu vidogo. Akirudia habari ya sumu mwambie kwa heshima kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kwamba sumu iliyotegwa uani haichagui, inaweza kuliwa na kuku wake au mtoto wa mtu.

Hawa wanaomrushia mawe Chausiku, ndo sababu nyingine ya kumuingiza mapema. Siwezi kumbadilisha mtu anayeamini paka mweusi ni wa mtu, nimejaribu na ndugu zangu mwenyewe nimeshindwa. Akiwa ndani saa moja usiku hakuna wa kumuona.

Wifi sasa. Mwanangu usimpuuze, ana nusu ya ukweli. Manyoya hayaingii kwa mtoto tumboni, hilo futa. Lakini kuna kijidudu kinaitwa toksoplazma, paka anakipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, kinatoka kwenye mavi yake, na mama mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza kwenye ujauzito kinaweza kumdhuru mtoto au mimba ikaharibika. Kwa hiyo hofu yake ina msingi. Ila angalia kinavyofanya kazi: mavi yakitoka tu bado hayaambukizi, yanahitaji kama siku moja mpaka tano nje ndo yaweze kuambukiza. Ukisafisha boksi kila siku umekata njia. Na asisafishe wifi, asafishe mume wako, ndiye mwenye panya. Wifi aoshe mboga vizuri, akilima bustani avae glavu maana paka wote wa mtaa wanajisaidia humo, nyama iive mpaka ndani, mshikaki wa kuungua juu na damu katikati apumzike nao mpaka ajifungue. Kwenye kliniki amwambie nesi kwamba nyumbani kuna paka. Akikaa hivyo, paka aliyefungwa stoo ni salama kwake kuliko yule anayezurura na kujisaidia kwenye mchicha.

Kuwatupa Mbalizi hapana. Diwani anaweza akarudi, wanajua njia hao, au agongwe akijaribu kurudi. Na nafasi yake hapo kwenu itachukuliwa na paka shume mwingine ambaye hana chanjo wala jina.

Kwa hiyo mama mkwe alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko nyie wote, mpigie simu umwambie, atafurahi. Ila hata yeye paka wake alikuwa jikoni kwa sababu jikoni ndiko vilipokuwa vyakula na panya, juu ya dari la moshi ndiko mahindi yalikokuwa yanakaa. Mmejenga stoo, basi paka ahamie stoo.

Wale mnaonisoma mko vijijini Makete, Mufindi, kule Rungwe juu karibu na msitu, msiseme haiwahusu. Banda la mbuzi lenye paa na mlango linatosha.

Anza na daktari wiki hii kwa sababu ya lile shavu, umuulize hapo hapo bei ya kuhasi na kufunga kizazi, mara nyingine ukipeleka wawili anapunguza. Wakati mnasubiri kidonda kipone, baba watoto azibe matundu ya stoo kwa saruji na mabati, hasa chini ya mlango na pale ukuta unapokutana na paa, maana panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye tundu la kupitisha penseli na hata ukimuweka simba humo ndani hawezi kumfuata ukutani.